Grafu si picha ya harusi

Fungua grafu yoyote iliyopo kwenye ukurasa wa utafiti, kisha ivute kwa vidole viwili. Je, unaona vidoti vya kijivu vilivyozunguka mistari na herufi? Basi elewa kwamba hiyo si data, ni usevu mbaya.

Hata mimi nimo. Msimamizi wangu aliwahi kunionyesha grafu niliyoiweka mtandaoni akauliza, "Hivi vidoti ni vipimo au uchafu?" Nilikuwa nimeisevu kwa JPEG ya ubora wa chini, eti iwe nyepesi.

Ninachokilaumu ni ule ushauri wa "sevu kila kitu kwa JPEG". Mfumo huo wa mwaka 1992 ulitengenezwa kwa ajili ya picha za kamera. Huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, halafu hutupa mabadiliko madogo madogo ambayo jicho haliyashiki vizuri. Kwa uso wa bibi harusi, ujanja huu unafaa sana. Lakini mstari mweusi juu ya nyeupe ni badiliko la ghafla. Kinachotupwa ndicho kilichokuwa kinashikilia ukingo wake, na doa linatapakaa ndani ya kipande. Kilichotupwa hakirudi, hata ukigeuza faili kuwa PNG baadaye.

PNG, iliyotoka 1996, hubana picha bila kupoteza pikseli hata moja. Tena grafu yenye rangi chache mara nyingi huwa nyepesi kwa PNG kuliko kwa JPEG, kwa hiyo kisingizio changu cha uzito hakina mashiko. SVG ni bora zaidi: huhifadhi maelezo ya mistari yenyewe, hivyo haina ukungu hata ukiivuta vipi.

Kwa picha za kamera tunakosea kinyume chake: tunazipandisha kama zilivyo. Pikseli 4000 kwa 3000 ni milioni 12. Ukiipunguza iwe 1200 kwa 900, inabaki milioni 1.08 tu, na kwenye simu inatosha kabisa. Kuamuru ukurasa uionyeshe ndogo hakusaidii, maana msomaji bado anapakua faili lote, na bando ni lake.

Kwa hiyo: picha ya kamera, punguza kwanza, ndipo uisevu kwa JPEG. Grafu, SVG au PNG. Nakala ya asili usiiguse. Umekaa maabara miezi kadhaa ukipima. Usimwachie msomaji vidoti ambavyo hukuvipima.