Kuchagua Mvinyo ni Kazi ya Ulimi

Mvinyo unaotoka Dodoma kwenda Morogoro na Dar es Salaam kwa barabara kuu hupita Dumila, mji wa njia panda wilayani Kilosa ambako barabara ya Kilosa huachana na njia kuu. Hupita pamoja na mahindi ya Kibaigwa na vitunguu vya Gairo, na sehemu yake hushushwa hapo, ikapangwa kwenye rafu za grosari na maduka ya vinywaji. Mnunuzi wa Dumila anajua kuchagua kitunguu: hukibonyeza shingoni, hulitazama ganda, hukipima uzito kiganjani. Akifika mbele ya rafu ya mvinyo, mtu yuleyule huduwaa. Husoma majina asiyoyajua, huogopa kuonekana mshamba, na mwisho huchukua chupa yenye lebo ya dhahabu au ile aliyoiona kwenye meza kuu ya harusi. Hofu hiyo haina msingi. Kuchagua mvinyo ni ufundi, tena ufundi mzuri unaostahili kusifiwa. Lakini vyombo vyake ni ulimi na pua, na mtu wa Dumila anavyo vyote viwili, vimekwishanolewa na chakula cha nyumbani. Kinachompungukia ni utaratibu, na utaratibu hufundishika.

Kila mvinyo, uwe wa bei ya juu au ya chini, hujengwa na mambo manne: utamu, uchachu, ukakasi na nguvu ya kileo. Utamu ni sukari iliyobaki baada ya zabibu kuchachuka. Uchachu ni asidi ya tunda lenyewe, ile inayoita mate mdomoni. Ukakasi hutoka kwenye maganda na mbegu, nao hukausha ufizi. Kileo huhisiwa kama joto linaloshuka kooni. Hakuna hata moja kati ya haya lililo geni kwa mlaji wa Morogoro. Aliyekunywa maji ya ukwaju au kumung'unya ubuyu anaujua uchachu, na anajua kwamba sukari kidogo huutuliza bila kuufuta. Aliyeuma ndizi mbichi au bibo anaujua ukakasi. Harufu nazo zipo: miteremko ya Uluguru, pande za Matombo na Kinole, hulima mdalasini, karafuu na pilipili manga, na Mgeta huleta sokoni matunda ya nchi ya baridi kama peasi na plamu. Waonjaji wa mvinyo duniani kote, wakipewa glasi ya zabibu aina ya Syrah, hutaja mara kwa mara pilipili manga. Harufu hiyo anaijua kila mama anayepika pilau. Mwanafunzi wetu, kwa hiyo, haanzi sifuri.

Ulimi ukishajua unachopima, inafaa akili ijue kilichofanyika kiwandani. Zabibu zikikamuliwa hutoa juisi tamu ambayo watu wa Dodoma huiita mchuzi wa zabibu. Chachu huila sukari ya mchuzi huo na kuigeuza kileo. Ikiachwa ile mpaka sukari iishe, tunapata mvinyo mkavu. Mtengenezaji akiisimamisha kabla, au akiacha sukari ibaki kwa njia nyingine, tunapata mvinyo mtamu au nusu mtamu. Mvinyo mweupe hutokana na mchuzi uliotenganishwa mapema na maganda, ndiyo maana ukakasi wake ni mdogo. Mwekundu huchachuka pamoja na maganda yake, ukachota humo rangi na ukakasi. Ule wa rangi ya waridi hukaa na maganda kwa muda mfupi tu. Kutokana na haya, njia ya mwanzilishi inajionyesha yenyewe: aanze na mweupe ulio mtamu au nusu mtamu, asogee kwenye mweupe mkavu, kisha mwekundu mwepesi, na amalizie na mwekundu mkavu. Katika safari hiyo kila hatua huongeza jambo moja gumu, na ulimi hupata nafasi ya kulizoea kabla ya kupewa jingine. Wengi wanaosema hawapendi mvinyo waliingilia mlango wa mwisho: walipewa mwekundu mkavu wenye ukakasi mkali siku ya kwanza, wakahukumu ukoo mzima kwa ndugu mmoja.

Kwa msomaji wa Dumila kuna sababu ya pekee ya kuianza safari hii kwa mvinyo wa Dodoma. Wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana katika miaka ya 1950, na kilimo hicho kikaenea Mpunguzi, Hombolo, Veyula na Makutupora, ambako kipo kituo cha utafiti wa zabibu kilicho leo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Kutoka huko imepata jina zabibu nyekundu ya Makutupora. Kwa upande wa nyeupe, Chenin Blanc, yenye asili ya bonde la mto Loire nchini Ufaransa, ndiyo iliyozoea zaidi udongo wa Ugogo. Lakini kinachostahili sifa kuliko majina hayo ni mkono wa mkulima. Ulaya, baridi kali huulaza mzabibu, na mwaka hutoa mavuno mamoja. Dodoma, kwenye kimo cha mita zipatazo 1,100 na mvua ya msimu mmoja, hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeuamuru: huunyima maji, huupogoa kwa wakati aliouchagua, na mzabibu huanza upya kana kwamba msimu mpya umeingia. Kwa hiyo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, mavuno ya mwanzoni mwa mwaka na yale ya karibu na Agosti na Septemba. Anayejua hayo huiinua glasi kwa heshima nyingine, maana anajua kwamba majira yaliyoizaa yalitengenezwa kwa mkasi wa kupogolea.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Mvinyo mmoja ukinywewa peke yake hufundisha kidogo. Miwili ikiwekwa pamoja hufundisha mengi, mradi itofautiane kwa jambo moja tu. Marafiki wanne wachange wanunue chupa mbili za kiwanda kimoja, nyeupe zote, moja kavu na moja tamu, wamimine kidogo kidogo na kuonja kwa zamu. Tofauti watakayoihisi ni ya sukari, nao hawataisahau. Safari nyingine walinganishe mweupe mkavu na mwekundu mkavu, na hapo ukakasi utajitambulisha. Baadaye waweke Makutupora nyekundu kando ya Syrah, na sasa wanapima tunda kwa tunda. Kila mmoja aseme alichokionja kwa maneno yake ya kila siku, kabla ya kusikia mwenzake amesema nini. Kabla ya hayo yote waisome lebo: mkavu au mtamu, aina ya zabibu, asilimia ya kileo. Mvinyo wa kawaida huwa na asilimia 11 hadi 14, lakini baadhi ya mvinyo mwekundu mtamu unaopendwa mitaani huwa umeongezewa nguvu, na utamu wake huificha. Waitazame pia alama ya Shirika la Viwango Tanzania na stempu ya kielektroniki ya kodi, ambayo tangu 2019 hubandikwa kwenye chupa za mvinyo. Chupa isiyokuwa nayo haifai kuwa mwalimu wa mtu.

Joto la Dumila nalo linadai ufundi wake. Mji huu uko bondeni, chini sana kuliko Dodoma, na jua lake halina huruma kwa chupa. Mvinyo uliokaa dirishani wiki kadhaa hupoteza tunda lake na kubaki na ladha ya kitu kilichochemshwa. Mteja akishaionja hiyo humlaumu mtengenezaji, kumbe kosa ni la rafu. Achague duka linalouza haraka na kuweka chupa kivulini. Ushauri wa vitabu vya Ulaya kwamba mwekundu unywewe kwa joto la chumbani uliandikwa kwa vyumba vya nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dumila mwezi Februari ni kitu kingine kabisa. Hapa hata mwekundu unafaa kukaa kwenye friji nusu saa kabla ya kufunguliwa, na mweupe ukae mpaka upoe sawasawa. Ukiwa wa moto, kileo hupanda puani na kufunika mengine yote.

Mezani, chakula chenyewe hufundisha. Mafuta na protini ya nyama hulainisha ukakasi, kwa hiyo mwekundu mkavu uliokuwa mkali ukinywewa peke yake hutulia kando ya mbuzi choma. Uchachu wa Chenin Blanc hukata mafuta ya samaki wa kukaanga kwa namna ileile inayofanya ndimu iwekwe sahanini. Pilipili kali huwaka zaidi ikikutana na kileo kingi, lakini hutulizwa na utamu. Anayependa kachumbari yenye pilipili anunue nusu mtamu wenye kileo kidogo. Hizi si sheria za adabu za mezani zilizoletwa na meli. Ni matokeo yanayoweza kupimwa na mdomo wowote, jikoni kwa mtu yeyote.

Kuna watakaopinga. Wa kwanza watasema kumshauri mwanzilishi aanze na mtamu ni kumdekeza, kwamba mjuzi wa kweli hunywa mkavu. Historia haikubaliani nao. Mvinyo wa Tokaj wa Hungaria na wa Sauternes wa Ufaransa ni mitamu, na ni miongoni mwa ile inayoheshimiwa sana duniani. Katika karne ya 18 na 19 mvinyo mtamu wa Constantia, karibu na Cape Town, ulitafutwa na majumba ya kifalme ya Ulaya. Utamu ulio na uchachu wa kuusawazisha ni kazi ngumu ya fundi. Unaochosha ni utamu usio na mwenzake. Mwanzilishi akijifunza kutofautisha hayo mawili, tayari ameshika jambo ambalo wanywaji wengi wa mikavu hawajalifikia.

Wa pili watasema mvinyo wa nje ni bora, na kwamba kumpeleka mtu Dodoma ni uzalendo uliovaa nguo za ladha. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na haifai kufichwa: viwanda vya Dodoma havilingani, na chupa mbili za jina moja zinaweza kutofautiana kuliko inavyopaswa. Lakini swali letu ni nini kinamfaa mwanafunzi. Kwake, mvinyo uliotoka umbali mfupi una faida tatu. Haukuivishwa na jua la bandarini ndani ya kontena. Hubeba ushuru mdogo zaidi, kwa kuwa sheria huutoza mvinyo uliotokana na zabibu za ndani kwa zaidi ya asilimia 75 kiwango cha chini, hivyo anaweza kununua na kulinganisha mara nyingi. Tena anaweza kupanda basi akaliona shamba lenyewe. Baada ya kujenga kipimo chake, aende kwenye Chenin Blanc ya Afrika Kusini na aipime kwa haki. Atakayesema ni bora atakuwa na sababu mdomoni mwake, na sababu hiyo itamsaidia mtengenezaji wa Hombolo kuliko sifa za bure.

Pingamizi la tatu ndilo zito: kwamba kusifu kileo ni kuwapotosha watu. Waislamu hawanywi, Wakristo wengi hawanywi, na wengine wengi wameacha kwa sababu za afya au za nyumba zao. Insha hii haimwiti hata mmoja wao. Inazungumza na mtu mzima ambaye tayari anakunywa, nayo inamwambia anywe kidogo na kwa makini. Nchi hii imeona matokeo ya unywaji usio na ladha: pombe kali za vifuko, viroba, zilinywewa kwa kusudi moja la kulewa haraka na kwa bei rahisi, hadi serikali ilipozipiga marufuku mwaka 2017. Ufundi wa kuonja umesimama upande wa pili kabisa. Anayelinganisha glasi mbili anahitaji ulimi ulio macho, na ulimi hulala mapema mtu akizidisha. Na kwa kuwa Dumila ni mji wa barabara kuu, lisemwe bila kuzungusha: anayeshika usukani haonji hata tone.

Lipo jambo la mwisho linaloufanya ufundi huu uwe zaidi ya starehe. Kiwanda cha umma cha DOWICO kilipoanguka katika miaka ya 1990, wakulima wengi wa Dodoma walibaki na zabibu bila mnunuzi. Hombolo ilipata kiwanda cha CETAWICO mwanzoni mwa miaka ya 2000, na vingine vimeongezeka, lakini bado kuna misimu ambayo vichala huozea shambani kwa kukosa soko. Mkopo, pembejeo na kiwanda vinahitajika. Hata hivyo hakuna kiwanda kinachodumu bila mnywaji anayejua anachonunua, anayerudisha chupa iliyoharibika na kuirudia iliyo njema. Ndivyo mvinyo wa nchi unavyopanda daraja. Msomaji unayekunywa, usione haya kuanza na mtamu, wala usimruhusu mtu akucheke kwa chaguo lako. Nunua chupa mbili, mwite mwenzako, zipoze vizuri, na useme kweli kuhusu unachokionja.