Sifa ya Fundi wa Matairi

Kyumbi ni njia panda, ambapo barabara iendayo mji wa Machakos huiacha ile kuu itokayo Nairobi kuteremkia Mombasa; na wachache ndio wanaokusudia kufika hapo, ingawa wapitao hawana idadi. Reli, ilipofika Nairobi mwaka 1899, iliuacha kando mji wa Machakos, uliokuwa makao ya utawala wa Waingereza katika sehemu hizi, na ikawa lami ndiyo iliyokuja baadaye kuwarudishia watu wa upande huu msafara uliowaponyoka. Basi pale penye malori mengi hapakosi vibanda vya matairi: kompresa inayonguruma, karai la maji ya kutafutia pancha, vyuma vya kufungulia, na rundo la matairi makuukuu yanayongoja mshona akala. Nimepata kusikia ustadi wa nahodha na wa seremala wa majahazi ukisifiwa kwa mashairi marefu, na sikinai kuusikia. Lakini ustadi wa watu hawa, ambao roho za abiria huwategemea usiku na mchana, sijausikia ukisifiwa popote, nami naona hilo ni upungufu wa insafu.

Ili uutambue ustadi huo usiutazame kwenye pancha, kwani pancha aweza kuiziba hata mwanagenzi. Utazame siku linapowajia gari la kulala, lile ambalo ndani yake mna kitanda, jiko, kabati na tangi la maji, na ambalo mwenyewe amekwisha kuamua moyoni kwamba matairi yake ni membamba mno. Siku hizi magari hayo hayawi ya wageni tu walioyashusha melini Mombasa. Wako na wenyeji, wastaafu hasa, walioona kwamba nchi waliyoitumikia hawajapata kuiona. Mmoja wao nilimkuta kibandani, mzee wa heshima, gari lake lina magurudumu pacha nyuma, akitaka matairi mapana ili, kwa kauli yake, likae barabarani kwa nguvu.

Fundi, kijana asiye na maneno mengi, hakumjibu juu ya upana. Alimwuliza, "Mzee, umelipima likiwa limejaa?" Mzee hakuwa amelipima. Na swali hilo ndilo nusu ya elimu yote ya kazi hii, maana lori hubeba shehena likaishusha, likarudi jepesi na matairi yake yakapata nafuu, ilhali nyumba haishushi kitu. Lita 100 za maji ni kilo 100, na mitungi ya gesi, betri, vitabu na sufuria huongezeka kila mwezi wala havipungui, tena aghalabu vyote vimewekwa upande mmoja, upande wa jiko. Gari la namna hiyo huishi maisha yake yote katika saa yake nzito kabisa. Madereva wa malori huijua mizani ya barabarani kwa kuichukia. Mwenye nyumba ya magurudumu angeitafuta mizani kwa hiari yake.

Yaliyobaki yameandikwa ubavuni mwa tairi, kwa atakayeinama kuyasoma. Tairi la mzee lilikuwa 215/75R16, na alilolitamani ni 225/75R16: namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Kwa hiyo anayeongeza upana huongeza na urefu bila kukusudia. Milimita 10 za upana hapa huzaa takriban milimita 15 za kipenyo, na geji ya mwendo, isiyo na habari ya mabadiliko hayo, itasema 80 hali gari linakimbia karibu 82. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba ringi hazisogei, hata kila milimita iliyoongezwa kwa matairi pacha huliwa katika nafasi iliyo baina yao, nafasi ambayo tayari hupungua mbavu zinapotutumka chini ya uzito. Yakigusana husuguana, yakisuguana hupata moto, na moto huo haumwoneshi dereva dalili yoyote mpaka tairi lipasuke.

Kijana alitia mkono wake katika nafasi hiyo, kisha akatia kipimo cha chuma kuuthibitisha mkono. Akachukua uzi, akauzungusha kila tairi la nyuma, kwa kuwa pacha wasiolingana kimo hawagawani mzigo kwa haki. Mrefu hubeba, mfupi husindikiza. Kwa sababu hiyo hiyo watengenezaji huandika namba mbili za uzito, kama 121/120: ya kwanza ni kilo 1450 kwa tairi liendalo peke yake, ya pili ni kilo 1400 kwa lililo na mwenziwe. Na hapa ndipo macho ya wengi hudanganyika, kwa sababu tairi pana la gari dogo laweza kuwa na namba 104, yaani kilo 900 tu. Tangu Thomson wa Scotland alipoisajili fikira ya tairi la upepo mwaka 1845, na Dunlop kuifufua Belfast mwaka 1888, kinachobeba gari ni upepo uliofungiwa ndani. Mpira ni mfuko wa kuuzuia, na mfuko mpana uliotengenezwa dhaifu haukubali presha inayotakiwa.

Akamwambia, "Mzee, hizi pana sitakuuzia." Nami nikaona kwamba katika biashara ambayo faida yake ni kuuza, neno hilo lilikuwa la gharama. Alimtolea upana ule ule wa zamani wenye namba kubwa zaidi ya uzito, akamwonesha tarakimu nne za mwisho za namba ya kiwanda iliyopigwa ubavuni, ambazo mbili za mbele ni juma na mbili za nyuma ni mwaka wa kutengenezwa, maana tairi huzeeka hata likilala stoo. Mzee alinung'unika kidogo. Nadhani alikuwa amekwisha kuyapiga picha akilini yale mapana. Lakini alikubali.

Yalipokwisha kufungwa, kijana aliyajaza upepo yakiwa baridi, akamwusia asiyapunguze njiani akiyakuta moto, kwani upepo huzidi kwa joto na hurudi kiasi chake yakipoa. Kisha akakaza nati kwa zamu za kukabiliana, akamwambia asimame Sultan Hamud, mahali palipoitwa kwa jina la Sultani wa Unguja, azikaze tena kabla ya kuendelea Emali.