Kulwa, Doto na Shija: Uhakiki wa Dhana ya "Jina la Kikristo" katika Usukuma

Utangulizi

Mtumishi yeyote aliyepata kuhudumu Bariadi, au mahali pengine katika nchi ya Wasukuma, anaifahamu hali hii. Wazazi wamemleta mtoto ili abatizwe. Mwinjilisti anayeandika daftari anauliza jina, nao wanajibu: Shija. Ndipo linapofuata swali la pili: "Na jina la Kikristo?" Mara nyingi wazazi wamekwisha kutayarisha jina lingine, kwa kuwa walijua swali hilo litakuja. Mtoto anaandikwa Petro au Maria, na jina alilopewa na wazazi wake linarudi nyumbani bila kubatizwa.

Makala hii inakusudia kulipima swali hilo la pili. Tumechagua kundi moja la majina, yaani yale ambayo mtoto wa kiume na wa kike huitwa sawasawa. Majina hayo hupatwa na mashaka maradufu: husemwa kwamba si ya Kikristo, na tena kwamba hayamwonyeshi mwenye jina kuwa ni mvulana au msichana.

Asili ya majina haya

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, na Bariadi ndiyo makao yake makuu. Lakini desturi ya majina tunayoizungumzia ni ya zamani kuliko mikoa yetu yote. Katika mapacha, wa kwanza kuzaliwa huitwa Kulwa na wa pili Doto. Mtoto anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Shija. Aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu huitwa Kashinje. Majina haya hayaulizi kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Yanauliza amekujaje duniani, na amewafuata nani.

Mtu aweza kudhani kwamba Kisukuma hakina njia ya kutofautisha. Sivyo. Mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, akiwa wa kiume, huitwa Mabula, na akiwa wa kike, Kabula. Shina ni moja, nalo lahusu mvua. Kiambishi ndicho kinachotenga. Basi lugha yenyewe inao uwezo wa kutenga pale inapotaka. Ikiwa haikutenga katika Kulwa na Shija, ni kwa sababu namna ya kuzaliwa ilihesabiwa kuwa jambo kubwa kuliko jinsia ya mtoto.

Vijitabu vya majina vinavyopanga kila jina chini ya "kiume" au "kike," na kulipa maana ya neno moja, vinapotosha hapa. Ukiandika "Shija: jina la kiume," umekosea. Hata ukiandika tu "Shija: afuataye mapacha," umetoa tafsiri ukaacha habari, kwa kuwa jina hilo linawataja pia ndugu waliomtangulia, hata kama hawakuishi.

Hoja ya wanaokataa

Haifai kuwadharau wanaosita. Katika Usukuma wa zamani kuzaliwa kwa mapacha kulikuwa jambo zito, lenye hofu na lenye kudai matambiko. Mchungaji anayeuliza kama jina Kulwa linamfunga mtoto katika matambiko hayo anauliza swali la kichungaji, nalo lastahili jibu.

Lakini jibu halipatikani kwa kubadili jina. Tuyatazame Maandiko. Tamari alipojifungua mapacha, mmoja aliitwa Perezi kwa sababu ya namna alivyotoka tumboni (Mwanzo 38:29). Yakobo naye aliitwa kwa mkono wake ulioshika kisigino cha pacha mwenzake (Mwanzo 25:26). Perezi yumo katika ukoo wa Bwana wetu (Mathayo 1:3). Na Tomaso je? Jina lake katika Kiaramu maana yake ni pacha, na Yohana anatueleza hivyo kwa Kiyunani (Yohana 11:16). Kwa hiyo tunapomkataa Kulwa na kumwandika Tomaso, tumemwita mtoto yuleyule pacha kwa lugha nyingine. Kilichobadilika ni lugha, wala si maana.

Mtume Paulo hakuwatoza waumini wake majina mapya. Epafrodito (Wafilipi 2:25) ana jina litokanalo na Afrodite, mungu wa kike wa Wayunani. Herme (Warumi 16:14) ana jina la mungu wao mwingine. Wote wawili walibaki na majina yao, wakahesabiwa ndugu. Hata Martin Luther, aliyezaliwa tarehe 10 Novemba 1483, alibatizwa kesho yake, sikukuu ya Mtakatifu Martin, akapewa jina la siku hiyo. Naye Mtakatifu Martin alikuwa na jina la Kirumi litokanalo na Mars, mungu wa vita. Wazazi wa Luther walimwita mtoto kwa siku, kama vile Msukuma amwitavyo Mabula kwa mvua. Kama jina la mungu wa vita limeweza kutakaswa kwa matumizi ya watakatifu, kwa nini la mapacha lisiweze?

Tena hatuko sawa katika mashaka yetu. Baraka, Imani, Amani na Furaha, majina ya Kiswahili yenye asili ya Kiarabu ambayo nayo huitwa wavulana na wasichana, tunayapokea bila swali. Hata Bahati anapita, ingawa mwanatheolojia angeweza kuuliza kama mtoto ni wa bahati au wa Mungu. Inaonekana basi kwamba kipimo chetu kimekuwa mazoea zaidi kuliko imani.

Jina lisilotaja jinsia

Shaka la pili nalo halina msingi katika Biblia. Gomeri ni mwana wa Yafethi (Mwanzo 10:2), tena ni mke wa Hosea (Hosea 1:3). Abiya ni mfalme wa Yuda, na Abiya ni mama wa mfalme Hezekia (2 Nyakati 29:1). Shelomithi ni binti Dibri (Walawi 24:11), na Shelomithi ni mwana wa Ishari (1 Nyakati 23:18). Waandishi watakatifu hawakuona haya kwa majina hayo.

Hatari iko kwetu tunaokisia. Yunia wa Warumi 16:7 alifahamika kwa Yohana Krisostomo kuwa mwanamke, naye akamsifu kama mtume. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, matoleo ya Agano Jipya la Kiyunani yaliyotumiwa zaidi vyuoni yaliweka alama iliyomfanya mwanamume, mpaka jambo hilo liliposahihishwa mwaka 1998. Alama moja ndogo juu ya jina, iliyowekwa kwa kukisia kwamba mtume hawezi kuwa mwanamke, ilimwondoa mwanamke katika orodha. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuamua kwa sarufi, maana lugha yetu haina alama hiyo. Anakisia kwa mazoea yake. Hivyo ndivyo usharika unavyoweza kupokea barua ya kuletewa mchungaji aitwaye Shija, ukaandaa mapokezi ya mwanamume, kisha ukashangaa mama anaposhuka garini.

Hata hivyo tusiyapambe majina haya kupita kiasi. Hayathibitishi kwamba mababu walifundisha usawa. Binti aitwaye Shija alihesabiwa mahari ya ng'ombe. Kaka aitwaye Shija hakuhesabiwa. Jina halikuwatenga, lakini maisha yaliwatenga. Neno la usawa linatoka mahali pengine, yaani katika ubatizo wenyewe (Wagalatia 3:27-28). Mchungaji husema "nakubatiza" kwa maneno yaleyale, awe mvulana au msichana, na Jina linalookoa pale ni la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 yafundisha kwamba ubatizo ni maji pamoja na Neno la Mungu. Haitaji jina la mtoto kuwa sehemu ya sakramenti.

Hitimisho

Yafuatayo yafaa kuzingatiwa. Kwanza, swali "jina la Kikristo ni lipi?" liachwe, na mahali pake liulizwe: "Jina hili mmempa kwa sababu gani?" Hapo mchungaji atasikia habari za kuzaliwa, za vifo na za hofu, naye atapata nafasi ya kuhubiri. Pili, jina liandikwe kama wazazi walivyolitoa, na jinsia iandikwe katika safu yake. Tatu, hofu ya matambiko ijibiwe kwa mafundisho na maombi pamoja na wazazi, wala isifichwe chini ya jina la kigeni. Maana hofu iliyofichwa hivyo hurudi nyumbani pamoja na mtoto.

Mtoto akiitwa Shija mbele ya madhabahu, usharika mzima utakumbuka kwamba kabla yake walikuwako wawili. Si jambo dogo kwa mama aliyewazika hao wawili kusikia wakikumbukwa kanisani.