Usomaji kwa Vidole: Sonata za Scarlatti katika Santuri za Piano na Suala la Matini katika Ushairi wa Kiswahili

Makala haya yanachunguza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza liko mbali na uwanja wa idara inayofundisha fasihi ya Kiswahili: santuri za piano za sonata za Domenico Scarlatti, hasa zile zilizorekodiwa kati ya mwaka 1928 na 1964. Nia yetu si kuhakiki muziki kwa ajili ya muziki. Tunashikilia kwamba santuri hizo zinaliweka wazi suala ambalo uhakiki wa ushairi wetu umekuwa ukilikwepa, nalo ni hili: utungo ulioundwa kwa chombo kimoja ukipitishwa katika chombo kingine, ni nini kinachoufanya uendelee kuwa utungo ule ule? Wapenzi wa ala za kale hujibu kwamba piano huuharibu. Sisi tunaona kwamba jibu hilo ni jepesi mno, na kwamba likikubaliwa litatulazimu kuitupa nusu ya maktaba ya ushairi wa Kiswahili.

Yafaa kwanza kukumbuka hali ya matini zenyewe. Scarlatti alizaliwa Napoli mwaka 1685, akafa Madrid mwaka 1757. Sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kama mwalimu wa Maria Barbara, binti wa mfalme wa Ureno ambaye baadaye alikuwa malkia wa Hispania. Sonata 555 zinahesabiwa kuwa zake, lakini alizozisimamia mwenyewe kupigwa chapa ni 30 tu, mwaka 1738. Mswada wa mkono wake wa sonata hizi haujapatikana. Tulicho nacho ni nakala za waandishi wa kasri, ambazo leo zimo Venice na Parma. Kwa maneno mengine, mtunzi anayetajwa kama nguzo ya muziki ulioandikwa ametufikia kwa mkono wa watu wengine, kama alivyotufikia Muyaka bin Haji. Tungo za Muyaka, aliyefariki mwaka 1840, zilikaa vinywani mwa watu wa Mombasa kwa takriban miaka arobaini kabla W. E. Taylor hajaanza kuzikusanya kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, na diwani yake ikachapwa na William Hichens huko Johannesburg mwaka 1940.

Ulinganisho huu hauishii hapo. Mwanzoni mwa karne ya ishirini Alessandro Longo alitoa chapa kubwa ya sonata hizo. Alizipanga upya kwa mafungu aliyoyabuni yeye, akaongeza alama za sauti kubwa na sauti ndogo ambazo nakala hazina, na, lililo zito zaidi, akasahihisha. Scarlatti alipenda kusonganisha noti zinazogongana, mkono mzima ukianguka juu ya vibao kama mpiga gitaa wa Andalusia anayezikwangua nyuzi zote kwa pamoja. Sonata ya 119 na ya 175 katika orodha ya Kirkpatrick zimejaa migongano hiyo. Longo aliiona kuwa makosa. Msomaji aliyewahi kuona mhariri akiongeza silabi katika mshororo wa kale ili mizani itimie, au akibadilisha neno la Kimvita kwa sababu yeye hulisema vingine, anaijua tabia hii. Ni tabia ya mtu anayeamini kwamba kanuni ilitangulia utungo. Na kwa kuwa wapiga piano wengi wa nusu ya kwanza ya karne walijifunza sonata hizi katika kitabu cha Longo, tunapozisikiliza santuri zao tunawasikia watu watatu kwa pamoja: mtunzi, mhariri na mpigaji.

Tuje sasa kwenye chombo. Sonata hizi kwa kawaida huhusishwa na hapsikodi, kinanda ambacho ndani yake ncha ya unyoya huudonoa waya. Waarabu humwita mdonoaji wa udi kwa jina hilo hilo, risha, yaani unyoya. Kwa hiyo sikio lililozoea taarabu halina ugeni mkubwa na mlio wa hapsikodi. Piano hudondosha nyundo juu ya waya. Tofauti hii si ndogo. Mpigaji wa hapsikodi hawezi kuikuza au kuififisha noti kwa uzito wa kidole. Akitaka kuisisitiza, huichelewesha kidogo, au huitanguliza kwa pambo. Mpiga piano anaweza kuinong'oneza. Kila anaponong'oneza, basi, ametia kitu ambacho chombo cha kwanza hakikuwa na njia ya kukisema.

Hapo ndipo wapenzi wa ala za kale wanapofungia kesi. Lakini ushahidi una mambo mawili yanayowatatiza. La kwanza: orodha ya mali ya Malkia Maria Barbara, aliyefariki mwaka 1758, inataja piano zilizotengenezwa Florence, na baadhi yake zilikuwa zimegeuzwa kuwa hapsikodi. Piano haikuwa mgeni katika nyumba ambamo sonata hizi zilipigwa; ilikuwepo, na kuna waliochagua kuigeuza. La pili linahusu santuri zenyewe. Wanda Landowska, aliyeirudisha hapsikodi katika kumbi za karne ya ishirini, alirekodi sonata za Scarlatti mjini Paris mwaka 1934 na tena mwaka 1939 hadi 1940. Santuri hizo zilichukuliwa kuwa sauti ya kale iliyofufuka. Hata hivyo kinanda chake kilitengenezwa na kampuni ya Pleyel kwa fremu ya chuma, pedali nyingi, na safu ya nyaya nene ya sauti ya chini kabisa, vitu ambavyo Scarlatti asingevitambua. Chombo kilichoitwa halisi kilikuwa cha kisasa kama piano. Hatusemi hivi kwa kumdunisha Landowska. Mdundo wake una ukakamavu ambao wapiga piano wachache waliufikia, na ukakamavu huo ulitoka kwake, wala si kwenye fremu.

Ikiwa usafi wa chombo hauwezi kuwa kipimo, tupime kwa nini? Tunapendekeza kipimo ambacho mhakiki wa fasihi anakifahamu: je, usomaji huu unatuonyesha jambo lililomo katika utungo ambalo usomaji mwingine uliliacha gizani? Tuchukue sonata ya 9. Katika karne ya kumi na tisa Carl Tausig aliihamisha kutoka ufunguo wa D mdogo hadi E mdogo, akainenepesha, akaiita wimbo wa wachungaji. Pamoja na sonata ya 20, aliyoitendea vivyo hivyo, ikawa pambo la maonyesho ya piano. Vladimir Horowitz alipoirekodi hiyo ya pili mwaka 1928, alirekodi Scarlatti wa Tausig: kijana anaonyesha vidole vyake, navyo ni vidole vya ajabu. Dinu Lipatti aliirekodi ile ya 9 London mwaka 1947, miaka mitatu kabla ya kifo chake akiwa na umri wa miaka 33. Aliirudisha katika ufunguo wake. Hakuna unene. Mkono wa kushoto umeachiwa nafasi ya kujibu, na kila mtetemo wa noti unakuwa sehemu ya sentensi, si ushanga ulioshonewa juu yake. Ni piano tupu, haijifanyi hapsikodi. Na bado ni Lipatti, wala si Tausig, anayetufanya tuone kwamba sonata hii imejengwa kwa mazungumzo ya sauti mbili. Kwa kipimo chetu, hii ni kazi ya mhakiki.

Horowitz aliyerudi kwa Scarlatti mwaka 1964, katika santuri nzima ya sonata 12, ni msomaji mwingine. Kabla ya hapo mwaka 1953 Ralph Kirkpatrick alikuwa ametoa kitabu chake, kilichorudi kwenye nakala na kuipanga upya orodha yote. Horowitz alimwendea kwa ushauri. Pedali imepungua, noti zimekatika vizuri, migongano haikulainishwa. Utafiti wa matini umeshuka hadi kwenye vidole. Wako wanaoiona santuri hii kuwa kilele. Sisi tunaona kwamba mara kwa mara ujanja wake wa kuigiza mlio wa kudonoa unavuta macho, na kwamba Robert Casadesus, aliyerekodi sonata 11 mwaka 1937 kwa upesi na bila madaha, anachosha kidogo kuliko yeye ukizisikiliza zote kwa mfululizo. Lakini hili ni la ladha.

Sonata ya 380 inastahili neno la ziada. Baada ya ufunguzi wenye mitetemo, unaingia mdundo unaorudiwa mara nyingi kama pembe na ngoma za msafara. Lipatti, katika rekodi nyingine ya 1947, anausogeza msafara huo mbali na kuurudisha karibu, jambo ambalo hapsikodi haiwezi kulifanya kwa uzito wa kidole. Mwenye msimamo mkali atasema ni uzushi. Tulipozisikiliza rekodi hizi Entarara, katika upande huu wa Kajiado ambako uimbaji wa Kimaasai hutegemea koo na pumzi, olaranyani akitangulia na wenziwe wakiitikia, na pembe ya tandala ikiwa karibu ala pekee, ilikuwa vigumu kuona uzushi uko wapi. Pembe inayopigwa uwandani ina umbali. Mwenye kuisikia hupima ilipo kabla ya kujua inasema nini. Scarlatti aliiga pembe kwa chombo kisichoweza kuonyesha umbali. Lipatti aliusoma mwigo huo kwa chombo kinachoweza.

Tusisahau kwamba santuri nayo ni chombo, na ina amri zake. Upande mmoja wa sahani ya inchi kumi ulichukua dakika tatu hivi. Sonata za Scarlatti ziliuingia vizuri, kwa kuwa ni fupi, ingawa kila nusu imewekewa alama ya kurudiwa na wapigaji wa enzi hiyo aghalabu waliyaacha marudio. Tunalijua jambo hili kwetu. Mwaka 1928, mwaka ule ule wa rekodi ya kwanza ya Horowitz tuliyoitaja, Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya Gramophone, kwa chapa ya His Master's Voice, chapa iyo hiyo iliyomtoa Landowska miaka sita baadaye. Wimbo ambao katika baraza la Unguja uliweza kurefushwa kwa kadiri ya hamu ya wasikilizaji, ubeti ukirudiwa, mtu akitunzwa, jibu likizuka, ulilazimika kuisha sindano ilipofika katikati ya sahani. Kilichouzwa pwani nzima na kusikilizwa mikahawani kilikuwa muhtasari. Hata hivyo hakuna anayesema kwamba santuri za Siti si Siti.

Sasa tuulize: ni wanafunzi wangapi wa shahada za juu waliosoma Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, na ni wangapi waliowahi kuisikia sauti hiyo? Katika semina zetu Wasifu hujadiliwa kwa ukamilifu, fani na maudhui, nafasi ya mwanamke, matabaka. Sauti huchukuliwa kuwa kielelezo cha kupamba somo, ikiwa muda umebaki. Ndivyo ilivyo pia kwa Muyaka. Tunaihakiki diwani yake kana kwamba ukurasa ndio chombo alichoutungia, ilhali alitunga kwa ajili ya masikio ya watu waliokuwa mbele yake, na kila mshororo ulikuwa na mahadhi. Kitabu ndicho piano ya ushairi wetu: chombo kilichokuja baadaye, kinachoweza mambo ambayo sauti haiwezi, kama vile kumruhusu msomaji arudi nyuma apime kina, na kisichoweza mengine. Hatuna haja ya kukikataa. Lakini mpiga piano anayecheza Scarlatti anajua kwamba yuko juu ya chombo cha pili, na kila kidole chake kinafanya uamuzi kwa ujuzi huo. Mhakiki wa Muyaka mara nyingi hajui kwamba anapiga piano.

Matokeo yake yanaonekana katika tasnifu. Mshororo wenye silabi pungufu huitwa dosari ya mtunzi, au ukiukaji wa arudhi wenye maana ya kifalsafa, bila mtu kuuliza mwimbaji angeuvuta wapi. Neno linalorudiwa hupewa tafsiri ya kisaikolojia, kumbe ni mahali pa kupumulia au pa hadhira kuitikia. Hizi ndizo noti zinazogongana ambazo Longo alizifuta, ila sisi badala ya kuzifuta tunazieleza kupita kiasi. Kirkpatrick alizirudisha kwa kwenda kwenye nakala na kwa kukaa kwenye kinanda. Alikuwa mtafiti na mpigaji. M. H. Abdulaziz, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya Muyaka, alionyesha jinsi tungo hizo zinavyofungua maana zikirejeshwa katika Mombasa ya siasa na mabishano yaliyozizaa. Hatua inayofuata ni kuzirejesha katika sauti, na kuzihakiki rekodi za sauti hizo kwa ukali ule ule tunaoutumia kwa vitabu: nani anaimba, kwa lahaja gani, kwa mahadhi ya mji upi, ameacha beti zipi, na kwa nini.

Ugumu upo, nao hautatuliwi na mfano wa Scarlatti. Mwanafunzi wa Kajiado au wa Kisumu anayeghani ubeti wa Kimvita anaughani kwa matamshi yasiyo ya Mvita. Je, usomaji wake ni wa Tausig au wa Lipatti? Kwa kipimo tulichokipendekeza hatuwezi kumjibu kabla hajaghani. Itabidi tumsikilize, ubeti kwa ubeti, na kuuliza ni kipi kilichosikika ambacho ukurasa ulikuwa umekinyamazia. Katika moja ya sonata alizorekodi Landowska mwaka 1940, ya 490, milio ya mizinga ya kupigia ndege za adui inasikika nje ya chumba naye anaendelea kupiga. Mhariri wa santuri za baadaye angeweza kuikwepa kwa kuacha rekodi hiyo. Haikuachwa, na sasa anayeandika juu ya usomaji huo hana budi kuamua kama mizinga ni sehemu yake.