Mstatili wa Kuteulia: Alama za Kazi Safi

Mstatili wa kuteulia huchorwa kwa kubonyeza mahali patupu kwenye fomu na kuburuta kipanya, ili vidhibiti vilivyomo, yaani vitufe, lebo na visanduku vya maandishi, viteuliwe kwa mpigo mmoja. Ukivutwa kutoka juu kushoto kwenda chini kulia, hata ule ulioundwa kwa kulipua hufanya kazi. Ubora wake hujulikana kwa vipimo vinne.

Kwanza, uvutwe kinyume. Upana na kimo hapo hutoka hasi, na hesabu ya migusano huharibika. Fundi makini huifanya namba ndogo kati ya mbili za kila mhimili kuwa ya kona ya mwanzo, kisha huondoa alama ya kutoa kwenye tofauti.

Pili, itazamwe hukumu ya mpakani: kidhibiti kilichoingia nusu kimeteuliwa au hakikuteuliwa? Katika Windows Forms, mbinu ya Contains hutaka kiingie chote. Ile ya IntersectsWith hutosheka na sehemu yake tu. Programu ya kuchorea ya AutoCAD hutumia kanuni zote mbili: kuvuta kuelekea kulia huteua vilivyozingirwa kabisa, kuelekea kushoto huteua hata vilivyoguswa, na rangi ya mstatili humjulisha mtumiaji. Kanuni yoyote yafaa, mradi isigeuke bila taarifa.

Tatu, vijaribiwe vidhibiti vilivyo ndani ya paneli. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa mahali pa kidhibiti huhesabiwa kuanzia kona ya mzazi wake. Kitufe kilicho 10, 10 ndani ya paneli isiyo na fremu iliyowekwa 300, 200 kiko 310, 210 kwenye fomu. Programu isiyolinganisha vipimo hivyo hukiruka kitufe kilicho wazi ndani ya mstatili, au hukiteua kilicho mbali nao.

Nne, mwenendo wa mkono. Mtikisiko mdogo wakati wa kubonyeza usizae mstatili. Windows yenyewe huweka umbali ambao kipanya lazima kivuke kabla ya kuhesabiwa kuwa kinaburuta. Kitufe cha Esc kifute zoezi na kurudisha uteuzi wa awali. Kipanya kikiachiliwa nje ya dirisha, mstatili usibaki ukining'inia, wala mistari yake isiache makovu kwenye skrini.

Mstatili unaoshindwa kipimo cha tatu haufai kutolewa kwa watumiaji, hata uwe na rangi ya kupendeza namna gani.