Sare ya Hatua ya 31

Hapa Ras Kisimani mchezo wetu ni bao. Jua likishainamia upande wa Rufiji, wazee tunakaa chini ya mwembe, na kete zinaanza kulia mashimoni. Sataranji niliijulia chuo cha ualimu, kwa mkufunzi mmoja aliyekosa mtu wa kucheza naye, na tangu niliporudi kisiwani nimeicheza peke yangu, mkono wa kulia ukishindana na wa kushoto. Basi mjukuu wangu aliponiletea hatua zote za pambano la ubingwa wa dunia la mwaka 2018, zimeandikwa kwa kalamu katika daftari la shule, nilifurahi kama niliyeletewa wageni.

Pambano lile lilifanyika London mwezi Novemba, kati ya Magnus Carlsen wa Norway, bingwa tangu mwaka 2013, na Fabiano Caruana wa Marekani. Michezo 12 ikaisha sare yote, jambo ambalo halikupata kutokea katika pambano la ubingwa. Wengi walisema lilikuwa pambano la baridi. Mimi sikubaliani nao, maana sare na sare hazilingani. Chukua mchezo wa kwanza na ule wa mwisho. Katika yote miwili Carlsen alishika kete nyeusi, akawa juu, na ushindi hakuupata.

Katika mchezo wa kwanza Caruana alikuwa amebanwa na saa. Walipewa dakika 100 kwa hatua 40, naye dakika zake zilikuwa zinayoyoma. Kwenye hatua ya 34 malkia mweusi angeweza kuingia katikati ya ubao, kwenye e5, na kutoka hapo kuteremka hadi b2, nyuma ya askari weupe, ambako mfalme wao asingepata wa kumsaidia. Badala yake Carlsen akasukuma askari wa pembeni nyumba moja. Si hatua mbaya. Ni ya mtu anayeamini kwamba tunda limeiva na litaanguka lenyewe. Hata hivyo alibaki juu. Ndipo ikafika hatua ya 40, ya mwisho kabla ya kuongezewa muda. Askofu wake alikuwa e5, akimlinda askari wa f4. Akamtoa hapo ili ale askari wa c3. Malkia mweupe naye akala f4 bila jasho, na hatua mbili baadaye malkia wote wawili wakatoka ubaoni. Kilichobaki ni faida ndogo aliyoikamua mpaka hatua ya 115, kwa muda wa saa saba hivi, na haikutoa kitu.

Kosa hili mimi nalisamehe. Kompyuta huliona kwa kufumba na kufumbua, lakini kompyuta haina tumbo linalokaza. Nimesahihisha mitihani miaka mingi, na najua tofauti ya mtoto aliyekosea hesabu na mtoto aliyeweka kalamu chini kengele haijalia.

Mchezo wa 12 ndio wa kuweka kalamu chini. Pointi zilikuwa sawa. Carlsen alikuwa na nafasi nzuri zaidi na muda mwingi zaidi. Kwenye hatua ya 31 akaomba sare, na Caruana akaipokea. Garry Kasparov, bingwa wa zamani, alishtuka, akasema hadharani kwamba kijana yule anaelekea kupoteza ujasiri. Siku mbili baadaye, tarehe 28, ikachezwa michezo ya muda mfupi, na Carlsen akashinda mitatu kwa sifuri. Watetezi wake wakasema: mnaona? Alijua anachofanya.

Naona. Lakini ushindi wa Jumatano haujibu swali la Jumatatu. Katika bao, ukiwa na mtaji huna hiari: lazima ule, hata kama kula kunakutia hofu. Sheria hiyo nilikuwa nikiiona ya kitoto, inamnyima mchezaji uhuru. Sasa naona aliyeitunga alitufahamu vizuri.

Wasomaji watanisamehe nikitoka ubaoni kidogo. Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu mkuu, na binti mmoja wa darasa la saba alichaguliwa kwenda sekondari. Baba yake alitaka kumwoza. Nilikwenda barazani kwake na barua mkononi, wazee wawili wakaniunga mkono, na yule baba akaanza kukuna kichwa na kuuliza habari za nauli na sanduku. Alikuwa amekwisha kulegea. Jua lilikuwa linazama, nikaona haya kumkandamiza mtu nyumbani kwake mbele ya jamaa zake, nikasema, "Basi, mzee mwenzangu, lala ulifikirie, tutaonana Ijumaa." Ijumaa nilipofika, binti alikuwa amevushwa bara kwa mashua, na ndoa imefungwa. Hakuna aliyenilaumu. Wengine walinisifu kwa adabu yangu.

Kwa hiyo hatua ya 31 siwezi kuipitia kwa haraka. Mara nyingi jioni napanga kete kama zilivyokuwa pale, kisha naendelea kucheza, nyeusi kwa mkono wa kulia. Safari nyingine nyeusi inashinda. Safari nyingine nyeupe inajikokota mpaka sare. Juzi mkono wa kushoto ulinifunga, na mjukuu akacheka sana.