Hanang Ilivyoporomoka: Tusome Korongo, Si Kilele Tu

Alfajiri ya Desemba 3, 2023, tope zito lilishuka kutoka Mlima Hanang likaivamia Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang mkoani Manyara, Tanzania, pamoja na vijiji vya jirani vikiwemo Gendabi na Jorodom. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Uvumi ulienea kwamba volkano imelipuka, lakini serikali ilikanusha: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilishiba maji ya mvua, ikameguka, ikashuka kwa kufuata mkondo wa mto.

Maelezo hayo yanafanana na hesabu wanayoipiga kila siku wataalamu wa maporomoko ya theluji. Nchini Uswisi, taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko yake, SLF, iliyoko Davos hutangaza hatari kwa daraja la 1 hadi la 5 ili wapanda milima wajue waende wapi na wakae mbali na wapi. Maswali matatu ni ya msingi katika hesabu hiyo: mteremko umesimama kiasi gani, je, chini yake kuna tabaka dhaifu, na ni mzigo gani umeongezeka? Maporomoko mengi hatari huanzia kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45. Mteremko uliolala zaidi ya hapo kwa kawaida huishikilia theluji. Uliosimama zaidi huimwaga kidogo kidogo kabla haijarundikana.

Yapeleke maswali hayo Hanang. Mlima una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na sehemu zake za juu zimesimama mno. Ni volkano ya zamani, hivyo miamba na majivu yake yaliyochakaa ndiyo tabaka dhaifu. Mzigo ulikuwa mvua za vuli za mwaka wa El Niño. Maji yalifanya kazi mbili kwa mpigo: yaliongeza uzito, na yalipojaa kati ya chembe za udongo yakazisukuma zisishikane. Msuguano ulipopungua, mteremko ukaachia. Tofauti na theluji ni moja kubwa: huko, katika ajali nyingi, uzito wa mtembezi mwenyewe ndio unaolivunja tabaka, Hanang mvua ilitosha.

Kilichoua watu wengi, hata hivyo, ni safari ya tope baada ya kumeguka. Tope la namna hii hutembea kama zege bichi: hubeba mawe makubwa na magogo, na kila linapopita korongoni huchota udongo zaidi. Ndiyo maana aliyelala mbali na kilele lakini kando ya mkondo alikuwa hatarini kuliko aliyejenga juu ya kituta karibu na mlima.

Somo hili halihusu Hanang pekee. Mkazi wa Bonga, kusini mwa mji wa Babati, mwenye Mlima Kwaraa jirani, anaweza kuanza uchunguzi wake bila chombo chochote. Ashuke korongoni wakati wa kiangazi, atazame ukuta wa kingo. Maji ya kawaida huchambua: mchanga tabaka lake, kokoto tabaka lake. Tope zito halichambui. Akikuta mawe makubwa yamezama ndani ya udongo laini bila mpangilio wowote, kuna uwezekano mkubwa kwamba tope limewahi kupita hapo, na lililopita linaweza kurudi.

Wakati wa mvua, dalili ni nyingine: nyufa mpya mlimani, miti iliyoanza kuinama, maji yaliyobadilika ghafla kuwa tope, au mto uliopungua ilhali mvua bado inanyesha. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu huenda huko juu maji yamezibwa na yatafumuka. Ukiiona, usikimbie kuteremka na mkondo. Toka pembeni, panda mahali pa juu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetabiri mapema mvua za juu ya wastani kwa msimu ule. Lakini utabiri wa mvua husema mkoa utanyeshewa. Hausemi korongo lipi litashusha tope. Pengo hilo huzibwa kwa ramani ya makorongo ya kila kijiji, inayoonyesha njia za tope na nyumba zilizomo. Halmashauri zenye milima ziichore kabla ya vuli ijayo, na vibali vya ujenzi viifuate.